Gereji ya Mahindi

Ukitaka kujua panya anapitia wapi, jifungie ndani mchana. Zima taa, vuta mlango, simama tuli mpaka macho yazoee giza, kisha tafuta mwanga. Panapopenya mwanga, panya naye atapata njia. Hivyo ndivyo nilivyofanya mimi, mtu mzima wa miaka hamsini na ushei, mwenye kazi ya ofisi na funguo za ofisi mfukoni, nikasimama katikati ya gereji yangu hapa Kinoru saa saba mchana, siku ya Jumamosi, huku mke wangu akiniuliza kutoka nje kama bado niko hai.

Gereji yenyewe haikuwa na gari. Gari lililala nje chini ya turubai, likinyeshewa na mvua ya Meru ambayo haiombi ruhusa. Ndani kulikuwa na magunia matatu ya mahindi, yamepangwa juu ya mbao. Majirani walicheka sana. Mmoja alinisimamisha langoni akaniambia kwamba amewahi kuona mtu akijenga gereji kwa ajili ya gari, lakini hajawahi kuona mtu akilifukuza gari kwa ajili ya githeri, mahindi ya kuchemsha na maharagwe. Nilimwambia ashughulike na ya kwake. Mimi hutaniwa kuhusu mambo mengi, upara wangu ukiwemo, lakini si kuhusu mahindi yale.

Yalikuwa mahindi ya mwisho ya mama yangu.

Mama aliyapanda mwenyewe kule Kanja, upande wa Embu, mvua za Machi zilipoanza, kwa jembe lake fupi, akiinama kutoka kiunoni kama alivyoinama maisha yake yote. Aliyapalilia mara mbili. Yalipoanza kutoa ndevu, alijilaza alasiri moja apumzike, na hakuamka. Tulimzika pembeni mwa shamba hilohilo, na mahindi yakaendelea kukua kana kwamba hayajaambiwa. Baba yetu alikuwa ametangulia, na kaka yetu mkubwa pia. Tulibaki wawili, mimi na dada yangu aliyeolewa Nkubu, na ndio tuliovuna, mbio mbio, kwa sababu mawingu ya Oktoba yalikuwa yamekwisha kuukalia mlima. Tuliyaanika siku mbili, tukayapukuchua, tukayatia kwenye magunia ya nailoni.

Hayakuwa mahindi ya dukani. Yalikuwa ya kienyeji, hindi moja likiwa na punje nyeupe, nyekundu na nyingine za rangi ya zambarau iliyoiva. Mama aliipata mbegu hiyo kwa mama yake, naye kwa mama yake. Majirani wote wa Kanja walikuwa wameiacha zamani wakahamia mbegu za pakiti, na walimcheka kidogo, kwa heshima, kwa kushikilia za kwake. Kwa hiyo mahindi hayo yalipoingia kwenye magunia matatu, ndiyo yaliyokuwa yamebaki duniani, kwa jinsi nilivyojua mimi. Dada yangu alisema stoo yake imejaa viazi vya kuuza sokoni. Mimi nilikuwa na gereji. Nilikusudia kuyalinda mpaka mvua za Machi zirudi, nipande shamba la mama kwa mbegu ya mama, ili mwaka ukigeuka asilale karibu na shamba la kigeni. Sikuwa na kitu kingine ambacho mikono yake ilikishika na ambacho bado kilikuwa hai.

Kwetu, ghala lilikuwa la mama. Nyumba ilikuwa ya baba, na ng'ombe walikuwa wa baba mpaka wakati wa kukamuliwa, lakini ghala lilikuwa la mama peke yake. Lilisimama nyuma ya jikoni juu ya miguu sita ya miti, kila mguu umevalishwa kola ya bati ili panya akipanda ateleze. Kuta zake zilifumwa kwa fito. Mlango ulikuwa mmoja, mdogo, na uliufikia kwa ngazi ya kuegemeza. Dada yangu alipanda apendavyo kwa sababu alikuwa msichana na siku moja angekuwa na ghala lake. Mimi, nilipoanza kuota mabega, niliambiwa basi. Nilipouliza sababu, mama alisema mwanamume akijua chakula kilichobaki, ama atakiuza ama ataalika wageni. Hata baba, ambaye sauti yake iliogopwa mpaka ng'ambo ya mto, hakuwahi kutia kichwa mle.

Kazi yangu ilikuwa kushika ngazi. "Baba, shika ngazi," mama aliniambia. Aliniita Baba kwa sababu mtoto wa pili wa kiume kwetu hupewa jina la babu wa upande wa mama, na mwanamke hatamki jina la baba yake ovyo ovyo. Basi mwanamke huyo aliyenichapa kwa mwiko wa ugali aliniita Baba kabla ya kunichapa na baada ya kunichapa. Nilishika ngazi, naye akaingia akapotelea ndani, na kilichobaki kwangu kilikuwa sauti: mahindi yakimwagika kikapuni, mama akikohoa vumbi, mama akiimba chini chini. Mara nyingine sauti ziliisha kabisa na bado hakutoka. Nilidhani anahesabu.

Kutoka nje hukuona kitu. Fito zilikuwa nyeusi kwa moshi wa jikoni, na kwa macho yangu zilionekana zimebanana kama vidole vya ngumi. Nilikua nikiamini kwamba ndani ya ghala ni giza totoro, na kwamba giza hilo ndilo lililokuwa likitunza chakula chetu.

Kuna siku moja naikumbuka kuliko zote. Ilikuwa jioni ya mwisho kabla sijaenda shule ya bweni. Sanduku langu la bati lilikuwa limekwisha kufungwa, likingoja mlangoni. Mama aliniita nikashike ngazi, kama siku yoyote, na alipoingia ndani machozi yakaanza kunitoka. Nililia kimya, nikijipangusa kwa mkono wa shati, nikishukuru kwamba yuko gizani na hanioni. Ukweli usemwe, pia nilitaka anione. Nilitaka ashuke aseme kwamba mtoto huyu haendi popote. Jioni hiyo alikawia sana, mpaka nikawa nimemaliza kulia na uso umekauka. Kisha akashuka na kikapu chake, akaniambia, "Baba, leo umeishika vizuri," akaenda zake jikoni. Nilimshikia kinyongo kwa jambo hilo. Hata nilipokuwa na watoto wangu mwenyewe bado nilijiambia kwamba mama yangu ni mtu mwema, mchapakazi, lakini si mtu wa kuona.

Panya wa Kinoru hakuchelewa. Wiki ya pili tu baada ya kuyaleta magunia, nilikuta pembe ya gunia moja imetobolewa, punje zimemwagika sakafuni, na mavi yake meusi yametapakaa juu ya mbao. Nilipandwa na hasira ambayo haikulingana na mnyama wa kimo kile. Nilihisi kama mtu ameingia chumbani kwa mama na viatu vyenye matope.

Mlango wa gereji ni wa chuma, wa mabawa mawili, umechomelewa na fundi wa hapa mjini. Sakafu inateremka kidogo ili maji ya mvua yatoke, kwa hiyo upande mmoja mlango unakaribia kugusa simiti, na upande wa pili vidole vitatu vinapita. Panya hahitaji hata viwili. Akipitisha kichwa, mwili hufuata. Nilianza kwa kupachika matambara. Kesho yake hayakuwepo. Alikuwa ameyavuta ndani akajitandikia kitanda nyuma ya magunia. Nikaegemeza ubao, naye akautafuna pembeni polepole, kama mzee anayekula muwa. Mke wangu akashauri paka. Tukaazima paka wa jirani, akalala juu ya magunia siku mbili, akanywa maziwa yetu, akarudi kwao amenenepa.

"Basi weka dawa," mke wangu akasema.

"Sumu hailali chumba kimoja na mahindi ya mama," nikamjibu, na akaona kwamba mazungumzo hayo yamekwisha.

Nikashuka mjini kwa mzee mmoja anayetengeneza akala, viatu vya tairi, karibu na msikiti, mwenye kofia ya kufuma na visu vikali ambavyo hamwazimi mtu. Nilimwambia nataka mpira wa tairi ya lori, futi nane.

"Futi nane? Hiyo kiatu ni ya nani?"

"Ni ya mlango."

"Na hiyo mlango inaenda wapi?" akauliza bila kuinua macho, na wateja wake wote wawili wakacheka kwa niaba yangu. Lakini alinikatia ukanda mzuri, ulionyooka, akanionyesha kwa kiganja jinsi ya kuufunga. "Wacha iguse chini, ipinde kidogo hivi. Isiburute. Ikiburuta itaisha."

Niliufunga mpira huo chini ya mlango kwa ukanda wa chuma na bolti. Upande wa vidole vitatu nikamwaga tuta dogo la simiti ili mpira upate pa kukalia. Kwenye bawaba nikasokota waya za kusugulia sufuria, zile zinazochoma vidole, nikazishindilia kwa bisibisi, kwa sababu panya hapendi kutafuna chuma. Pembeni nikapigilia vipande vya bati. Halafu nikatoa magunia yote, nikamfukuza panya kwa ufagio mpaka akatoka mbio kuelekea mtaroni, nikarudisha magunia, nikajifungia ndani kutafuta mwanga.

Mwanga ulikuwa mwingi kuliko nilivyofikiri. Ulipenya palipokutana ukuta na mabati, kwenye kila bonde la bati. Ulipenya kwenye tundu la kufuli. Kila nilipouona, nilitia alama ya chaki, na Jumamosi iliyofuata nikaziba. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba ufa, na bado nikaendelea na ukuta. Mwisho vikabaki vitundu vinne vya hewa juu ya mlango, ambavyo fundi wa nyumba aliviacha kwa makusudi. Panya hupanda ukuta, nikajiambia. Nikapanda na karai la simiti.

Mke wangu alitoka jikoni akasimama akinitazama, mikono kiunoni. Yeye ni Mmeru wa hapa na mimi ni Mwembu, kwa hiyo nyumbani tunagombana kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeinyonya.

"Mzee, hata hizo?"

"Hata hizo."

"Na hewa itapitia wapi?"

"Mahindi hayapumui."

"Kila kitu inapumua."

Nilimwambia kwamba watu wa kwao wanajua miraa na viazi, mahindi watuachie sisi. Alinitazama kidogo. "Sawa. Mimi nimesema," akajibu, akarudi jikoni. Mwanamume aliyekaa kwenye ndoa anajua uzito wa maneno hayo matatu, na mimi nilikaa nayo bila kuyasikia.

Mara ya mwisho nilipojifungia, sikuona hata mkono wangu. Giza lilikuwa kamili. Nilifurahi kama mtu aliyemaliza nyumba. Hilo ndilo giza la ghala, nikasema moyoni, nimelijenga mwenyewe. Nikasimama humo nikinusa mahindi, na harufu yake ilikuwa harufu ya mama akishuka kwenye ngazi, vumbi tamu lililonasa kwenye leso yake. Hamu ya mama ikanishika pale kuliko siku ya mazishi. Siku ya mazishi kuna watu, kuna hema la kusimamisha na chai ya kugawa, na mfiwa ana kazi nyingi kama bwana harusi. Gerejini tulikuwa mimi na magunia. Nikasema kwa sauti, "Mama, nimeshika ngazi," kisha nikaona haya, nikatoka nikafunga kufuli.

Hiyo ilikuwa Novemba. Niliamua kwamba mlango haufunguliwi tena mpaka mvua ya Machi, maana kila ukifunguliwa ni nafasi kwa panya. Krismasi mke wangu aliomba kilo mbili tu za githeri ya wageni, nikamwambia aende sokoni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, tai shingoni, nikaukagua mpira kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakukuwa na jino hata moja lililopita. Nilimpigia dada yangu simu mara kwa mara kumpa habari za mlango, mpaka siku moja akaniuliza kama mlango huo tutaupeleka kwa daktari au utapona wenyewe.

Machi mawingu yalipoanza kujikusanya, alikuja kutoka Nkubu tuchague mbegu. Alikuja na ungo wake na kigoda, amejifunga leso tayari kwa kazi. Nikafungua kufuli kwa madaha, nikavuta bawa la mlango, mpira ukaburuta kidogo.

Harufu ndiyo iliyotoka kwanza. Haikuwa ya mama. Ilikuwa ya kitu chenye jasho, kilichofungiwa na homa. Ukuta wa nyuma ulikuwa na unyevu uliong'aa. Nilitia mkono kwenye gunia la kwanza, likawa na joto kama ndani ya kwapa. Punje zilitoka zimeshikana mabonge, zimevaa kuvu la kijani na la kijivu. Gunia la pili lilikuwa hivyohivyo. La tatu, lililokaa karibu na ukuta, lilikuwa limeota humo humo gizani, vichipukizi virefu, vyeupe, visivyo na nguvu, vimechungulia kwenye matundu ya nailoni vikitafuta pa kwenda. Hakukuwa na panya. Hakukuwa na alama ya panya hata moja.

Dada yangu hakupiga kelele. Aliangalia juu, akaona simiti kwenye vitundu vya hewa. Akaangalia mabonde ya mabati. Akakaa kwenye kigoda chake palepale mlangoni.

"Uliziba wapi?" akaniuliza kwa Kiembu.

"Kila mahali."

"Na juu?"

"Na juu."

"Babu," akasema, maana nilirithi jina la babu yetu, naye hunitania hivyo, "nani alikuambia ghala linazibwa?"

Nilifungua mdomo kusema kwamba ni mama. Kisha nikaona kwamba mama hakuwahi kuniambia. Hakuna aliyewahi kuniambia. Nililitazama kutoka chini miaka yote ya utoto wangu, nikajijibu mwenyewe.

"Ghala ni matundu matupu," dada yangu akasema. "Upepo unaingia huku, unatokea huku. Mama alimzuia panya miguuni. Hakumzuia ukutani." Kisha akaongeza, kwa sababu ana roho nzuri kuliko yangu, "Na tuliyapukuchua mabichi. Siku mbili za jua hazikutosha. Hilo ni letu sote."

Mahindi ya kuvu hayapewi mtu, wala ng'ombe, wala kuku. Huku kwetu kila mtu anajua kwamba yanaua. Nilichimba shimo nyuma ya nyumba, nikalichimba refu, na mke wangu akaja akanisaidia kuburuta magunia bila kunikumbusha kwamba alisema. Nilipomwaga gunia la tatu, lile lililoota, nililia mbele yao wote wawili. Nilikuwa nimemzika mama mara moja na watu wakanisifu kwa uvumilivu. Mara hii ya pili sikuwa na uvumilivu wowote. Nilifukia shimo, kisha nikachukua tindo na nyundo, nikapanda, nikavizibua vile vitundu vinne kimoja kimoja. Mpira wa mlango niliuacha. Haukuwa na kosa.

Ni mke wangu aliyemwuliza dada yangu, walipokuwa wakinywa chai, kama kule Kanja hakukubaki hata kiganja kimoja. Dada yangu akashusha kikombe. Akasema mama alikuwa na mwiko wake: ghala halilali tupu. Hata akilifagia kabla ya mavuno mapya, huacha kitu kidogo ndani ili chakula kipya kikute mwenyeji. Sisi tulipovuna hatukulifungua, kwa kuwa mavuno yalikuja Kinoru. Hakuna aliyepanda mle tangu yeye.

Kesho yake asubuhi tulikwenda, mimi na dada yangu. Gari lililonyeshewa miezi mitano liliwaka kwa manung'uniko. Kanja ilikuwa kama tulivyoiacha, nyumba imefungwa, majani yamefika dirishani, kaburi la mama limeanza kuota nyasi. Ghala lilikuwa limesimama. Kola za bati kwenye miguu zilikuwa zimeshika kutu lakini hazijalegea. Ngazi tuliikuta kwenye uvungu wa ghala, mahali pake pa siku zote. Nikaiegemeza, nikaishika kwa mikono miwili, nikamngoja dada yangu apande.

Hakusogea. "Na haya magoti?" akaniuliza. "Sijapanda ngazi mwaka wa tatu sasa. Panda wewe."

"Mwanamume hachungulii ghala."

"Aliyesema hivyo yuko pale." Alielekeza kidevu kwenye kaburi. "Sijasikia akikataa. Panda, mimi nashika ngazi."

Nilivua viatu. Sijui kwa nini nilivua viatu. Nilipanda vipago saba, nikafungua kale kamlango, nikaingiza kichwa, kisha mabega kwa shida, kisha mwili wote kwa magoti.

Ndani hakukuwa na giza.

Mwanga ulikuwa umeingia kila mahali, kati ya kila ufito na mwenzake, umelala sakafuni mistari mistari. Upepo wa mlima ulipita masikioni mwangu ukatokea upande wa pili. Mbao za sakafu zilikuwa kavu na safi. Katikati, kwenye boriti, kwa waya, zilining'inia jozi saba za mahindi, zimefungwa pamoja kwa maganda yake, nyeupe na nyekundu na zambarau. Jozi moja ilikuwa imekuwa magunzi matupu, na chini yake kulikuwa na mavi meusi machache. Panya alifika, kwa njia anayoijua yeye, akala yake, akaenda. Nyingine zote zilikuwa nzima. Nilibana punje moja kwa meno, ikalia kavu, ngumu, nzima kabisa.

"Yapo?" dada yangu akaita kutoka chini.

"Yapo," nikajibu.

Niliyashusha kwenye boriti moja moja nikayaweka chini. Ndipo nilipokiona kigoda. Kilikuwa kigoda kidogo cha miguu mitatu, kimewekwa karibu na ukuta wa upande wa mlango, na kiti chake kimelainika kwa kukaliwa. Wala hakikuwa cha kuhesabia kitu, maana aliyekikalia alielekea ukutani, akakipa chakula mgongo. Nyumba yetu ilikuwa na watu watano na vyumba viwili, na hakukuwa na mahali ambapo mama angekaa bila kuitwa. Isipokuwa hapa, ambapo wanaume hatukuruhusiwa. Nikakaa. Magoti yakanifika kidevuni. Mbele ya macho yangu fito mbili zilikuwa zimepanuka kidogo na kung'aa, kama kitu kilichoshikwa na vidole kwa miaka, na kupitia nafasi hiyo niliona ua wote: mlango wa jikoni, kibanda cha ng'ombe, njia ya kwenda mtoni. Na chini kabisa, karibu kuliko vyote, karibu hata ningeweza kuhesabu nywele, niliona mahali anaposimama mtu anayeshika ngazi.

Nikakumbuka jioni ile ya sanduku la bati. Nikakumbuka jinsi alivyokawia, na jinsi alivyoshuka uso wangu ulipokwisha kukauka, si kabla. Mimi nilikuwa nimesimama pale nimeinua uso, nikilia mbele yake, umbali wa mikono miwili.

Dada yangu alikuwa amesimama palepale. Alikuwa ameshika ngazi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ameinua ncha ya leso anajifuta macho, upesi upesi, akiangalia kaburi, kama mtu anayejua kwamba hakuna amwonaye. Mahindi yalikuwa tayari, yote, sakafuni kando yangu. Nilikaa palepale kwenye kigoda, nikamngoja amalize.